Programu Inayongoja: Madirisha ya Kompyuta hadi Mwambao wa Rumonge

Dirisha la kwanza ambalo mwanafunzi wa Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, huliandika halifanyi kitu. Anaandika mistari mitatu au minne ya Python, na kwenye skrini linachomoza boksi la kijivu, tupu, lenye jina juu na vitufe vitatu pembeni: cha kulishusha, cha kulikuza na cha kulifunga. Akilivuta kwa kipanya linamfuata. Akilitanua linatanuka. Katika mistari yake hakuna hata neno moja linalohusu kuvuta wala kutanua. Kazi hiyo ilishafanywa na watu wengine, wengi wao kabla hajazaliwa, na kundi moja muhimu miongoni mwao ni la Wanorwei ambao wasimulizi wa historia ya kompyuta, kwa kupenda mno habari za California, huwaruka.

Mstari wa mwisho wa programu hiyo ndio unaomtatiza. Unaitwa mainloop, na programu ikishaufikia haiendi mbele tena wala haiishi. Alipojifunza programu za kawaida, zile za skrini nyeusi, alizoea maagizo yanayoshuka toka juu hadi chini: soma namba, zidisha, andika jibu, basi. Dirisha haliendi hivyo. Linajitayarisha, kisha linatulia, na aliyeliandika hajui kama mtumiaji atabonyeza kitufe sasa hivi, au ataandika jina kwanza, au ataondoka akale. Wavuvi wa ndagala wa mwambao huu wanaifahamu kazi ya namna hiyo: usiku wanashusha wavu, wanawasha taa juu ya maji, wanakaa, na samaki ndiye mwenye saa yake. Mwandishi wa dirisha naye hutega vipande vya msimbo, kila kimoja kwa tukio lake, halafu anamngoja mtu.

Kuacha kuamuru na kuanza kungoja ndiko kujifunza kwenyewe. Mengine, kama rangi na ukubwa wa vitufe, yamo kwenye mwongozo. Na fikra hiyo ilipikwa kwa miaka kama thelathini kabla ya kumfikia mtu wa kawaida.

Ilianzia Oslo, mahali ambapo hapakuwa na dirisha wala kipanya. Katika miaka ya 1960 Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl, wa Kituo cha Kompyuta cha Norwei, walitaka kuiga ndani ya mashine mambo ya dunia yasiyokwenda kwa mstari mmoja: foleni, mitambo inayosubiriana, shughuli zinazoingiliana. Lugha waliyoitunga, Simula, ambayo toleo lake mashuhuri ni la 1967, iliigawa programu katika vitu, kila kitu kikitunza data zake na kujua kazi zake chenyewe. Mwanafunzi Mmarekani, Alan Kay, alikutana na Simula katika Chuo Kikuu cha Utah mwaka 1966, na wazo hilo halikumtoka tena.

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wenzake kipanya, maandishi yanayorekebishwa palepale kwenye skrini, na watu wawili waliokuwa mbali wakifanyia kazi waraka mmoja. Miaka miwili baadaye kampuni ya Xerox ilifungua kituo cha utafiti huko Palo Alto, na Kay akawa mmoja wa waliokwenda. Mwaka 1973 kituo hicho kilikuwa na kompyuta ya Alto, yenye skrini ya kuchorwa nukta kwa nukta na kipanya kando. Juu yake Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao walijenga Smalltalk, lugha ambayo kila kitu ndani yake, hata dirisha, ni kitu kwa maana ileile ya Oslo. Madirisha yakaanza kulaliana kama karatasi mezani.

Hapo ndipo anapoingia mtu ninayemwona kuwa mwalimu mkuu wa somo hili zima. Trygve Reenskaug alikuwa ameshatengeneza Autokon, programu ya kusanifu meli iliyoanza kutumika katika karakana ya Stord, Norwei, mwaka 1963. Alipokwenda Palo Alto mwaka 1978 alibeba tatizo la karakana: mpango wa meli una data nyingi mno, na kila mhusika anataka kuzitazama kwa namna yake. Mmoja anataka orodha, mwingine ratiba, mwingine mchoro. Katika maandishi yake mafupi ya 1979 alipendekeza programu igawanywe mafungu matatu. Kuna mfano, yaani data zenyewe na kanuni zake. Kuna mwonekano, yaani jinsi zinavyochorwa. Na kuna kidhibiti, kinachopokea mkono wa mtumiaji. Mfano haupaswi kujua lolote kuhusu skrini. Ukibadilika, unatangaza tu kwamba umebadilika, na kila mwonekano unaohusika unajichora upya. Ni kurasa chache tu, na hadi leo wanaojifunza kuandika madirisha wanaadhibiwa kwa kutozisoma.

Yaliyofuata yanajulikana sana, kwa hiyo tuyapite mbio. Steve Jobs alitembelea kituo cha Xerox mwishoni mwa 1979. Lisa ya Apple ilitoka 1983 kwa bei ya karibu dola 10,000, Macintosh ikatoka Januari 1984, na Windows ya kwanza Novemba 1985. Watumiaji walirahisishiwa maisha, lakini waandishi wa programu waliteseka. Kitabu cha Charles Petzold cha 1988, ambacho kilisomesha kizazi kizima cha waandishi wa Windows, kiliwafundisha watu kutumia mistari kama 80 ya lugha ya C ili kuonyesha salamu moja ndani ya dirisha. Mtu alilazimika kulisajili dirisha, kuliunda, kulionyesha, kisha kuandika kwa mkono wake mzunguko wa kupokea ujumbe na kuupanga kila ujumbe mahali pake.

Aliyevunja ukuta huo ni Alan Cooper. Mwaka 1988 alimwonyesha Bill Gates programu ambayo ndani yake mtu angeweza kulijenga dirisha kwa kuvuta vipande na kuviweka anapotaka. Microsoft ikainunua, ikaiunganisha na lugha ya BASIC, na Mei 1991 ikatoa Visual Basic. Unachora kitufe, unakibonyeza mara mbili, unaandika kitakachotokea. Wataalamu waliidharau, nami nadhani walikosea kwa sehemu kubwa, kwa sababu wahasibu, walimu na makarani waliweza kwa mara ya kwanza kujitengenezea programu zao. Walikuwa na haki katika jambo moja tu. Urahisi ule ulimshawishi mtu kutupia kila kitu chini ya kitufe: hesabu, data, maneno na kanuni, vyote vikiwa vimeshonwa pamoja na mchoro. Somo la Reenskaug likapotea.

Burundi haikuwa na nafasi ya kufurahia muongo huo. Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, vita vikaanza, na kutoka Julai 1996 hadi Januari 1999 nchi jirani ziliiwekea vikwazo vya biashara. Mkataba wa amani wa Arusha ulitiwa saini Agosti 2000 na mapigano hayakukoma siku hiyo. Kusini, njia ya ziwani kutoka Bujumbura kwenda Rumonge ilikuwa ya kuombea dua. Miaka ambayo kuandika dirisha kulikuwa rahisi kuliko wakati wowote uliotangulia, ndiyo hiyo ambayo mwambao huu ulikuwa umefungwa.

Kwa majirani mambo yalikwenda vingine. Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Kenya, ulianza kutumika mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa na watu wa Chuo Kikuu cha Moi na cha Indiana kwa kutumia Microsoft Access, programu ya hifadhidata. Kompyuta zilikuwa mbili, zimeunganishwa, na nyuma yake kuna betri ya sola kwa ajili ya umeme unapokatika. Makarani walioziendesha hawakuwahi kushika kompyuta kabla ya hapo. Watafiti walipima kilichobadilika: muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na muda wahudumu walioutumia kuongea wao kwa wao ukapungua kwa theluthi mbili. Ripoti haikuficha pia kwamba wahudumu walipata muda zaidi wa shughuli zao binafsi, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi zahanati hatawaonea wivu.

Fomu za Access ni madirisha ya mezani kwa maana kamili: data ziko ndani ya mashine, hazihitaji mtandao wa nje, na karani mwenye bidii anaweza kujifunza kuzirekebisha. Njia hiyohiyo ilitumika Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 1994, pale HISP, mradi wa mifumo ya taarifa za afya, ulipoanza Cape Town. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwepo Mnorwei Jørn Braa, na kwa mara nyingine tunarudi Oslo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nygaard, yule wa Simula, alikuwa amefanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norwei ili nao wawe na kauli juu ya mashine zilizokuwa zikiletwa viwandani. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa desturi ya kumkalisha mtumiaji mezani pamoja na msanifu tangu siku ya kwanza. Braa na wenzake waliipeleka desturi hiyo kwa wauguzi na makarani wa wilaya. Programu yao ya Access, DHIS, ilifika Zanzibar mwaka 2005, na fomu zikabadilishwa kwa kusikiliza walioko vituoni.

Kisha dirisha likahama. DHIS2, mrithi wa DHIS, iliandikwa kwa Java na kuishi ndani ya kivinjari. OpenMRS, iliyotokana na uzoefu wa Mosoriot, ilianza kazi Eldoret mwaka 2006 kwa mtindo huo, na mwaka 2011 Kenya iliweka takwimu zake za afya za nchi nzima mtandaoni. Burundi nayo ilijiunga na DHIS2 baadaye. Hapo ndipo wengi walipotangaza kwamba programu ya mezani imekufa.

Mwambao wa Rumonge unatoa sababu ya kutoharakisha mazishi. Mji uko kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura, kati ya ziwa na vilima vya michikichi. Kompyuta nyingi ambazo mwananchi hukutana nazo ni zile za sekretarieti, vibanda vya kupigisha chapa barua, kutoa fotokopi na kujaza fomu. Mtandao upo, ila hulipiwa kwa megabaiti na hupotea unapouhitaji. Programu inayokaa kwenye diski ya mashine, iliyobebwa kwa flashi, inayofunguka hata mnara wa simu ukiwa umezimika, bado ni chombo cha akili.

Na zana za kuiandika ni za bure. Tk, zana ya madirisha aliyoibuni John Ousterhout huko Berkeley, husakinishwa pamoja na Python kwenye Windows, kwa hiyo faili moja ya kusakinisha inatosha. Anayetaka kitu kikubwa zaidi ana Qt, ambayo nayo ilizaliwa Norwei: katika kiangazi cha 1990 Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng walikuwa Trondheim wakiandika programu ya kuhifadhi picha za ultrasaundi, nayo ilitakiwa iende kwenye Unix, Macintosh na Windows. Waliona afadhali watengeneze zana yao wenyewe. Mwaka 1992 Chambe-Eng alibuni utaratibu wa ishara: kitufe hutoa ishara kwamba kimebonyezwa, bila kujua nani anasikiliza, na kipande chochote cha msimbo kinaweza kuunganishwa nayo. Toleo la kwanza lilitoka Mei 1995. Tangu 2009 leseni yake inamruhusu hata mtu wa kibanda kuitumia katika programu anayouza bila kulipa.

Sasa tuseme mwanafunzi wetu anataka kumtengenezea mwenye mashine ya kukamulia mawese daftari la kompyuta. Wakulima wanaleta mikungu, inapimwa, mafuta yanatoka kwa bidoni, madeni yanaandikwa. Dirisha lina nafasi ya jina, nafasi ya uzito, nafasi ya bidoni, na kitufe cha kuhifadhi. Kazi ya jioni moja, anafikiri.

Mteja wa kwanza anapimiwa kilo kumi na mbili na nusu, na karani, aliyesoma shule ya Kifaransa, anaandika 12,5. Programu inagoma. Python inataka nukta, kwa kuwa mkato si sehemu ya namba kwake. Vitabu vingi vya kujifunzia havisemi neno juu ya hili, maana viliandikwa na watu wanaoandika 12.5 tangu utotoni. Tiba ni mstari mmoja tu, lakini kuna swali la kuamua kwanza: mstari huo ukae wapi? Ukikaa chini ya kitufe, itabidi uuandike tena kwenye kila dirisha linalopokea namba. Ukikaa katika sehemu moja inayosafisha kila kinachoingia kabla ya kuufikia mfano, umemaliza.

Mtego wa pili hujificha hadi data ziwe nyingi. Mwenye mashine anaomba jumla ya mwaka mzima kwa kila mkulima, karani anabonyeza, na dirisha linafifia huku Windows ikiandika juu yake “Ne répond pas”. Programu haijafa. Imeacha kungoja. Ule mzunguko wa mwisho, ambao ndio unaopokea mibonyezo na kuchora skrini, umekabidhiwa hesabu ndefu, na hauwezi kufanya mawili kwa wakati mmoja. Karani anabonyeza tena, na tena, na kila mbonyezo unapanga foleni. Hesabu nzito hupelekwa kwenye uzi mwingine wa utekelezaji, na matokeo yakirudi, mzunguko mkuu ndio unaoyaandika kwenye skrini, kwa kuwa nyuzi nyingine haziruhusiwi kuyagusa madirisha ovyo. Au hesabu hukatwa vipande, na kati ya kipande na kipande dirisha linavuta pumzi.

Halafu kuna maneno ya kwenye vitufe. Mwezi Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata nchi nzima yaliwakimbiza maelfu kwa maelfu kuvuka ziwa na mpaka. Walikaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo nchini Tanzania kwa zaidi ya miaka thelathini. Zaidi ya 50,000 walirejea mwaka 2008 na 2009, wengi wao wakishuka katika tarafa hizi za ziwani, na watoto waliosoma kwa Kiswahili walikaa madarasani mbele ya walimu wa Kifaransa. Kwa hiyo kaunta moja ya Rumonge inaweza kuwa na karani anayetaka “Enregistrer”, bosi anayetaka Kirundi, na msaidizi aliyesomea Mishamo.

Jinsi ya kulishughulikia hilo ilikwishaonyeshwa Dar es Salaam. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu waandishi wa OpenOffice walikuwa wametenga maneno yote yanayoonekana na kuyaweka nje ya msimbo, katika mafaili ambayo mfasiri anaweza kuyafungua bila kugusa programu. Kilichobaki kikawa kazi ya watu wa lugha. Mwanafunzi aliyeandika “Hifadhi” moja kwa moja ndani ya kila kitufe atalazimika kupekua msimbo wote. Na vitufe alivyovipimia upana wa neno fupi la Kiswahili vitayakata maneno marefu ya Kifaransa, isipokuwa kama aliiachia zana ipange nafasi yenyewe badala ya kuhesabu nukta.

Rumonge inatoa pia mtihani ambao hakuna kitabu cha Palo Alto kingeufikiria. Fomu ya mkulima ina orodha ya kuchagua mkoa. Hadi mwanzoni mwa 2015 mikoa ya Burundi ilikuwa 17, na Rumonge ilikuwa tarafa ya Bururi. Machi mwaka huo ikawa mkoa wa 18, wenye jina lake. Sheria ya 2023, iliyoanza kutumika mwaka 2025, ikaifuta mikoa yote 18 na kuweka mitano, na Rumonge ikarudi kuwa tarafa, safari hii ndani ya Burunga. Aliyeandika majina ya mikoa chini ya kitufe amelazimika kufumua programu yake mara mbili katika miaka kumi, na wakulima walioandikishwa kabla ya 2025 bado wamo kwenye data wakiwa watu wa mkoa usiokuwepo. Aliyeyaweka kwenye jedwali, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kwisha ya kila mkoa, ameongeza safu tano na kuzifunga 18, na dirisha limejichora upya lenyewe.